Kutoka Galton Hadi Testi ya IQ Kwa Simu: Wasee Walioanza Kupima Akili na Hulka, na Wenye Waliumizwa na Hizo Namba

Kenya tunapenda kupima watu. Mtoto akitoka kuchukua ripoti fomu, swali la kwanza si "umekula?" Ni "umekuwa namba ngapi?" Mwenye amepata maksi mob anaitwa kichwa. Mwenye amefeli anaitwa kichwa ngumu, na hilo jina linaweza kumfuata hadi siku ana watoto wake. Siku hizi tumeongeza vipimo vya simu: testi ya IQ ya dakika kumi, testi ya kukuambia kama wewe ni introvati ama ekstrovati, na ile ya kukupatia herufi nne za kuweka kwa profaili yako.

Hivi vitu vina wenyewe. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, kuna wasee walikaa chini wakaamua akili na hulka ya mtu zinaweza kupimwa kama unga wa kilo mbili. Wengine walikuwa na nia poa kabisa. Wengine walifanya unyama. Hapa tunakupangia mmoja mmoja: alikuwa nani, alifanya nini, na kazi yake iliishia wapi.

Francis Galton: alianza na peni tatu

Galton alizaliwa Uingereza mwaka wa 1822, kwa familia yenye doo. Charles Darwin alikuwa binamu yake. Mwaka wa 1869 alitoa kitabu, Hereditary Genius, akifuatilia familia za majaji, viongozi na wanasayansi wakubwa. Aliona majina ya familia zile zile yanarudi rudi, akasema basi akili kali inarithiwa kwa damu. Ile kitu kwamba mtoto wa jaji anaanza maisha na walimu, vitabu na watu wa kumfungulia mlango, yeye aliiona ni ndogo.

Mwaka wa 1884 alifungua maabara kwa maonyesho makubwa ya afya pale London. Unalipa peni tatu, unapimwa macho, masikio, nguvu ya mkono, na unareact haraka aje. Zaidi ya watu 9,000 walipimwa. Galton aliamini mwenye hisi kali ndiye mwenye akili kali.

Iliingia maji. Mwaka wa 1901, Clark Wissler wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alilinganisha vipimo vya aina hiyo na maksi za wanafunzi. Hakupata uhusiano wowote wa maana. Kubonyeza kitu haraka hakukufanyi mwerevu.

Lakini Galton aliacha kitu kingine hatari. Mwaka wa 1883 ndiye alibuni neno yujeniki, yaani wazo la kuboresha binadamu kama vile mfugaji anachagua ng'ombe: "wazuri" wazae sana, "wabaya" wazuiwe. Hilo neno shika, litarudi.

Alfred Binet: alitaka kusaidia watoto

Huyu ndiye mtu poa wa hii stori. Binet alizaliwa Nice, Ufaransa, 1857. Alianza kuelewa akili nyumbani, akicheki vile binti zake wawili, Madeleine na Alice, wanafikiria. Aligundua kila mmoja ako na njia yake, na hakuna mwenye alikuwa mjinga.

Mwaka wa 1904 serikali ya Ufaransa iliunda kamati ya kutafuta njia ya kujua watoto wenye wanahitaji msaada wa ziada shuleni. Binet alikuwa ndani. Mwaka wa 1905, yeye na daktari Théodore Simon walitoa testi ya maswali 30. Yalianza na vitu rahisi kama kufuata kiberiti kilichowashwa kwa macho, yakaenda hadi kurudia namba na kueleza tofauti ya maneno. Hapo ndipo testi ya akili ya kisasa ilizaliwa.

Sasa sikiza vizuri. Binet hakusema hiyo maksi ni akili yako ya kudumu. Alisema ni picha ya vile mtoto yuko leo, ndio mwalimu ajue pa kuanzia. Mwaka wa 1909 aliandika akipinga vikali wale waliokuwa wanasema akili ya mtu haiwezi kuongezeka. Yeye mwenyewe alipanga mazoezi ya darasani ya kujenga umakini. Mfano, watoto waliambiwa wagande kama sanamu, ndio wajifunze kutulia na kusikiza.

Binet alifariki 1911. Kile kilifanyika baadaye hakukiona.

Goddard na Terman: testi inavuka bahari

Henry Goddard alikuwa anafanya kazi kwa taasisi ya watoto wenye ulemavu wa akili pale Vineland, New Jersey, Marekani. Mwaka wa 1908 aliitafsiri testi ya Binet kwa Kiingereza. Testi alibeba, lakini ile onyo ya Binet aliiacha Ufaransa. Yeye aliamini akili ni ya kurithi na haibadiliki.

Kufikia 1913, timu yake ilikuwa Ellis Island, pale wahamiaji walishukia New York. Hebu jiweke hapo: umetoka Italia ama Urusi, umesafiri kwa meli daraja la chini wiki mzima na zaidi, umechoka, Kiingereza hujui, halafu unawekewa testi. Goddard alitangaza kwamba karibu asilimia 80 ya Wayahudi, Waitaliano na Wahungari waliopimwa kwa makundi yake madogo walikuwa na upungufu wa akili. Mwaka wa 1928 alibadilisha mawazo na kukubali mengi aliyosema hayakuwa sawa. Kufikia hapo, meli ilikuwa imeng'oa nanga.

Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford ndiye alifanya IQ iwe jina la nyumbani. Mjerumani William Stern alikuwa amependekeza mwaka wa 1912 kwamba uchukue umri wa akili ya mtoto ugawanye na umri wake wa kweli. Terman, kwa toleo lake la 1916, akazidisha na 100. Kwa hivyo mtoto wa miaka 10 mwenye anajibu kama wa miaka 12 anapata 120. Hesabu ya darasa la saba, lakini ilibadilisha maisha ya mamilioni.

Terman pia alianza utafiti mkubwa 1921, akichagua zaidi ya watoto 1,500 wenye IQ za juu sana California ili awafuate maisha yao yote. Wengi walitoka sawa, wakawa mawakili, madaktari na maprofesa. Hakuna hata mmoja alishinda Nobel. Lakini kuna vijana wawili walipimwa wakaachwa nje kwa sababu IQ haikufika: William Shockley na Luis Alvarez. Shockley alishinda Nobel ya fizikia 1956 kwa kazi ya transista, kile kidude kiko ndani ya simu unasomea hii stori. Alvarez akashinda yake 1968. Na maisha ni maajabu: Shockley huyo huyo alizeeka akihubiri kwamba watu weusi wamezaliwa na akili kidogo.

Jeshi, tenisi na Mwafrika Mmarekani aliyekataa kudanganywa

Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia 1917, Robert Yerkes aliongoza kupimwa kwa wanajeshi karibu milioni 1.75. Wenye walijua kusoma walifanya testi inaitwa Alpha. Wengine walifanya Beta, ya picha.

Kuna picha uliambiwa ujaze kitu kinachokosekana, kama neti ya uwanja wa tenisi. Sasa mkulima ametoka kijijini, tenisi hajawahi ona hata ndotoni, anafeli. Halafu anaandikwa hana akili. Matokeo yalipotolewa kwa makabila na rangi, watu weusi na wahamiaji wa kusini na mashariki mwa Ulaya waliwekwa chini, na wanasiasa waliotaka kufunga mipaka wakazipenda hizo namba sana.

Mwaka wa 1924, msomi mweusi kijana, Horace Mann Bond, alizichukua namba hizo hizo akazisoma upya. Akaonyesha kwamba wanajeshi weusi kutoka Illinois, jimbo lenye shule afadhali, walipata maksi za juu kuliko wazungu wa majimbo kadhaa ya kusini kama Mississippi na Arkansas. Kama ni damu, hiyo inawezekana aje? Bond alisema wazi: testi ilikuwa inapima shule uliyoenda.

Carrie Buck: kipimo kikigeuka kisu

Hapa ndipo kulikuwa na ngori. Carrie Buck alikuwa msichana maskini wa Virginia. Mama yake alikuwa amefungiwa kwa taasisi, Carrie akalelewa na familia nyingine. Akiwa na miaka 17 alibakwa na mtu wa ukoo wa hiyo familia, akapata mimba. Badala ya kusaidiwa, alipelekwa kwa taasisi ile ile ya mamake. Wote wawili walipimwa kwa testi ya Stanford-Binet wakaandikwa wana akili ya watoto. Binti yake Vivian, akiwa bado mtoto wa miezi, naye akatazamwa tu na kusemekana hayuko sawa.

Virginia ilikuwa imepitisha sheria 1924 ya kuwafunga uzazi watu kama hao kwa lazima. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka wa 1927 majaji wanane dhidi ya mmoja wakasema ni sawa. Carrie akafanyiwa upasuaji mwaka huo huo. Baadaye zaidi ya Wamarekani 60,000 walifungwa uzazi chini ya sheria za majimbo mbalimbali, na Wanazi walipotunga sheria yao 1933 walikuwa wameisoma mifano ya Marekani.

Na Vivian? Alienda shule, na wakati mmoja jina lake likawekwa kwa orodha ya wanafunzi bora. Alifariki kwa ugonjwa 1932, akiwa na miaka 8. Rekodi za shule za Carrie pia zilionyesha alikuwa mwanafunzi wa kawaida tu. Familia mzima iliharibiwa kwa sababu ya namba na mtazamo wa watu waliojiona wataalamu.

Nairobi nayo haikuachwa nyuma

Usidhani hii ilikuwa mambo ya majuu peke yake. Miaka ya 1930, daktari H.L. Gordon, aliyewahi kusimamia hospitali ya Mathari, alikuwa anatangaza kwamba ubongo wa Mwafrika ni mdogo na hauwezi kubeba elimu ya Kizungu. Mwenzake, F.W. Vint, alikuwa anapima ubongo za maiti za Waafrika kwa maabara Nairobi. Mwaka wa 1933 walowezi wakaunda chama cha yujeniki hapa hapa Kenya. Walipoomba London doo za utafiti mkubwa, wakanyimwa.

Cheki vile hiyo hoja ilikuwa inafaa walowezi. Kama Mwafrika hawezi kusoma, kwa nini umjengee shule? Kwa nini umpatie kiti bungeni? Na 1954, wakati wa Mau Mau, serikali ya kikoloni ilimpa J.C. Carothers, aliyekuwa pia daktari wa Mathari, kazi ya kuandika ripoti kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Akaeleza vita hivyo kama ugonjwa wa watu waliochanganyikiwa kati ya mila na usasa. Wasee walikuwa wanataka ardhi na uhuru wao, wao wakaandikiwa shida ni ya kichwa.

Spearman, Wechsler na Gardner: akili ni moja ama ni mob?

Tuwe wakweli pia: kupima akili si uongo mtupu. Mwaka wa 1904, Mwingereza Charles Spearman aliona kwamba watoto wenye wanafanya poa kwa somo moja huwa wanafanya poa kwa mengine. Akasema kuna nguvu moja ya jumla chini ya zote, akaiita g. Huo mpangilio umeonekana tena na tena hadi leo, na maksi za IQ huwa zinabashiri kiasi vile mtu atafanya shuleni. Kiasi. Si kila kitu.

David Wechsler, aliyezaliwa Romania 1896 akapelekwa New York akiwa mtoto, alikuwa amewapima wanajeshi wakati wa vita na hakufurahishwa. Testi yake ya 1939 ilikuwa na sehemu nyingi, za maneno na za vitendo. Aliachana na ile hesabu ya kugawanya umri, akalinganisha mtu na rika lake. Ndio maana leo IQ ya 100 inamaanisha tu uko katikati ya wenye umri wako. Wataalamu bado hutumia matoleo ya testi yake.

Halafu 1983 Howard Gardner wa Harvard akasema kuna akili saba, zikiwemo za muziki, za mwili na za kuelewa watu. Walimu walimpenda. Watafiti wengi wanamwambia ushahidi wa vipimo haujatosha. Lakini waswahili walishasema kitambo, akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Embu na Usenge: Kenya ikajibu

Hii sehemu inafaa kila mzazi aisome. Watafiti walipima watoto wa shule huko Embu mwaka wa 1984, kisha wakapima wengine wa rika hilo 1998. Matokeo yalitoka 2003: maksi zilikuwa zimepanda kwa kishindo. Damu ya watu wa Embu haiwezi kubadilika kwa miaka 14. Kilichobadilika, walisema, ni vitu kama lishe, wazazi waliosoma, na familia kuwa ndogo. Kupanda kwa aina hii kunaitwa athari ya Flynn, kutokana na James Flynn wa New Zealand, aliyeonyesha miaka ya 1980 kwamba IQ zinapanda nchi nyingi.

Halafu kuna Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Mwanasaikolojia Mmarekani Robert Sternberg na wenzake walipima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15. Badala ya maswali ya tenisi, waliwauliza kuhusu dawa za mitishamba: hii ni ya nini, inatumiwa aje. Matokeo, yaliyotolewa 2001, yaliwashtua. Watoto waliojua dawa sana ndio walikuwa na maksi za chini kwa testi za Kiingereza na hesabu. Maelezo yao ni kwamba kuna familia zinasukuma mtoto kwa vitabu, na zingine zinasukuma mtoto kwa ujuzi wa nyumbani, na muda ni ule ule. Mtoto hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma kitu kingine.

Katika utafiti wa karibu na huo, Wajaluo waliulizwa akili ni nini. Maneno manne yakatoka: rieko, ambayo ni ujuzi na maarifa, luoro, heshima, winjo, kuelewa vile ya kushughulikia mambo ya maisha, na paro, kujianzishia. Ukicheki vizuri, testi ya shule inagusa hilo la kwanza tu, na hata hilo si lote. Mtaani tuna neno letu pia: msee amechanuka. Hiyo hakuna karatasi inauliza.

Na hulka je? Jung, Allport na ukoo wao

Carl Jung wa Uswisi ndiye alieneza maneno introvati na ekstrovati kwa kitabu chake cha 1921. Alisema hakuna mtu ni moja tu asilimia mia. Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers, Wamarekani ambao hawakuwa wamesomea saikolojia, walichukua mawazo ya Jung wakaunda ile testi ya herufi nne na aina 16, wakati wa Vita vya Pili. Isabel alikuwa mwandishi wa riwaya za upelelezi. Testi inauza sana hadi leo, lakini shida yake inajulikana: watu wengi wakiifanya tena baada ya wiki kadhaa wanapata herufi tofauti.

Gordon Allport na Henry Odbert walipitia njia ingine. Mwaka wa 1936 walifungua kamusi ya Kiingereza wakatoa maneno karibu 18,000 ya kuelezea watu. Raymond Cattell akayapunguza hadi tabia 16. Hans Eysenck, kijana aliyetoroka Ujerumani ya Hitler akaenda London, akasema mbili zinatosha: uko mchangamfu kiasi gani, na una wasiwasi kiasi gani. Yeye pia ana doa: miaka mingi baada ya kifo chake, chuo alichofundisha, King's College London, kilichunguza karatasi zake kuhusu hulka na magonjwa, na mwaka wa 2019 kikasema 26 si za kuaminika.

Leo wengi wamekubaliana na tano kubwa: kupenda mambo mapya, kujipanga, uchangamfu, upole kwa watu, na wasiwasi. Hapa huwekwi kwa boksi, unapewa kiwango, juu ama chini. Lakini hata hizo tano si sheria ya dunia. Kwa jamii ya Tsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, utafiti wa 2013 haukuzipata vile zinavyopatikana Marekani.

Kabla hujaposti matokeo yako

Mwaka wa 1948, Bertram Forer alipatia wanafunzi wake 39 testi ya hulka, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo yake binafsi. Akawauliza ni ya ukweli kiasi gani, kutoka 0 hadi 5. Wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi moja, maneno yametolewa kwa kitabu cha nyota cha dukani. Kwa hivyo testi ya simu ikikuambia una kipaji kikubwa ambacho hujakitumia na unaumizwa na watu unaowaamini, jua hata makanga wa mathree yako angepewa hayo hayo.

Ukipewa kipimo chochote cha akili ama hulka, uliza vitu vitatu. Nani alikitengeneza? Kilitengenezewa watu gani? Na matokeo yatatumika kunisaidia ama kunifungia mlango? Binet aliuliza hilo la tatu kwanza. Waliomfuata wakalisahau, na Carrie Buck akalipa bei.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, lakini kuna watu wazima bado wanatembea na hizo maksi kama alama ya moto kwa ngozi. Kama ni wewe, hiyo namba ilisema vile ulijibu maswali fulani, asubuhi fulani, ukiwa na miaka kumi na kitu. Na kama una mdogo wako nyumbani mwenye ameanza kuitwa kichwa ngumu, mketishe chini umuulize anajua nini ambacho mwalimu hajawahi muuliza.